Nyimbo Mbili za Baba

Jumanne. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi.

Krrr-chaka. Krrr-chaka.

Nimeamka na sauti hiyo leo, na haikuwa inatoka popote. Nilipokuwa mdogo niliamini ni Mama anakwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. Ilikuwa inatoka sebuleni, kwenye mashine ya santuri ya Baba, lakini mimi nilikimbilia jikoni kwa sababu nilipenda ukoko. Nikikuta jikoni hamna mtu, nalia. Baadaye Baba alinieleza kwamba kile ni kibuyu kirefu kilichochongwa mikato ubavuni, mtu anakikwaruza kwa kijiti, na kwamba watu wa Cuba walikuwa nacho zamani kabla vijana wa California hawajakitia kwenye muziki wao wa fanki. Alinieleza kwa uzito, kama mzee anayempa mtoto habari za ukoo wake.

Baba yuko chumba cha maiti tangu wiki iliyopita. Alhamisi asubuhi ataletwa hapa Kaloleni, uani kwetu, majirani wamuage, kisha tuanze safari ya Bungoma.

Sijalia bado. Nina hasira, na sijui namkasirikia nani.

Niandike polepole. Blogu hii haina jina langu, na majina ya humu nimeyabadilisha. Mama husoma Biblia na ujumbe wa akina mama wa kanisa, basi. Hapa naweza kusema.

Sahani ya santuri ninayotaka kuizungumzia ni mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma. Bendi yenyewe, ya hao wa California, ilikuwa ya vijana weusi na jamaa zao wenye asili ya Mexico: gitaa la besi linalotembea bila haraka, tarumbeta, na ngoma za kupigwa kwa viganja ambazo Baba alisema zilitoka kwetu zikapitia Cuba ndipo zikafika kwao. Walikuwa wametoa sahani nyingi, kampuni ikachagua nyimbo kumi, ikazifunga pamoja. Baba na marafiki zake wanne, wote watoto wa wafanyakazi wa reli, hawangeweza kununua sahani zote. Wakaungana wakanunua hiyo moja.

Nyimbo kumi, watu watano. Wakagawana, kila mtu mbili.

Walikuwa wazima wa akili, naapa. Sahani ilikaa mwezi mmoja katika kila nyumba, kwa zamu, lakini nyimbo zako zilibaki zako hata sahani ikiwa kwa mwenzako. Hakuna aliyeruhusiwa kupiga wimbo wako bila kukuuliza. Kama hukuwepo, sindano iliinuliwa ikauruka. Baba alisema urafiki wao ulidumu kwa sababu hiyo. Huwezi kumnunia mtu mwezi mzima na wimbo unaoutamani ni wake.

Na mwenye nyimbo akifa, nyimbo zake mbili hupigwa uani siku ya kumuaga, mbele ya jeneza, kabla ya safari. Baada ya hapo hazipigwi tena. Nazo zimezikwa.

Wawili walitangulia. Wa pili alipokufa nilikuwa kidato cha pili, nikaona kwa macho yangu. Wazee walisimama mikono nyuma, bila kucheza, bila kuimba, na wimbo wa pili ulipokwisha Baba akainua sindano kwa vidole viwili kama anayemtoa mtoto mwiba. Jioni ile nilimwomba anipigie mmoja wa zile nyimbo, kidogo tu, mwanzo wake. Alinitazama kana kwamba nimemwomba tufukue kaburi.

Kwa hiyo sahani ilikuwa na nyimbo nne zilizonyamazishwa. Za Baba zikipigwa Alhamisi, zitakuwa sita.

Zikipigwa.

Jana alasiri wale wawili waliobaki walikuja. Mzee Ochieng ni mrefu, ana kofia ya sufu asiyoivua ila kanisani na mbele ya Mama. Mzee Njoroge alikuwa seremala Gikomba mpaka macho yalipomchosha, na bado ananukia gundi. Niliwawekea viti vya plastiki chini ya turubai.

"Niaje, mwenye hisa ya sita," Mzee Ochieng akanisalimu. Ananiita hivyo kwa sababu nilipokuwa natambaa nilitafuna kona ya jalada la sahani. Alama za meno yangu zipo mpaka leo.

"Alikula tarumbeta yote iliyochorwa pale," Mzee Njoroge akasema. "Ndiyo maana anaongea Kizungu cha puani."

"Wewe nyamaza, fundi. Nani aliacha sahani juani ikajikunja kama chapati?"

"Ilijikunja kidogo tu. Na nikainyoosha."

"Kwa pasi, buda! Ya makaa! Mtu mzima anapiga muziki pasi!"

Walicheka mpaka Mzee Njoroge akafuta macho, halafu wakakumbuka wako matangani, wakaacha wote kwa pamoja. Baada ya pasi ile, wimbo wa kwanza wa upande wa pili huyumba kidogo katikati, kama mtu aliyekanyaga jiwe. Ni wimbo wa Baba. Hakuwahi kulalamika. Alisema yumbo lile ndilo saini ya Njoroge.

Mama alitoka na chai. Mzee Ochieng akasimama, akavua kofia.

"Pole tena, Mama Nekesa. Tumekuja kwa ile kazi yetu ya Alhamisi. Ni dakika chache, shemeji."

"Ochieng, huyu alikuwa ameokoka."

"Najua, shemeji."

"Basi kama unajua."

"Lakini nyimbo ni zake. Tukizipiga siku nyingine tutakuwa wezi. Tukiziacha, zitakuwa zimeachwa barabarani tu, hazina mwenyewe."

"Ziachwe." Mama aliendelea kumimina chai. "Alizikataa kwa kinywa chake. Nekesa alimwuliza kama amwekee, akasema hataki. Nilikuwa jikoni, nikasikia. Nekesa, si ni kweli?"

Wote wakanitazama.

Nikasema ni kweli.

Mzee Ochieng alivaa kofia yake taratibu. Mzee Njoroge alisema jina la Baba tu, "Barasa?" kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Kisha akasema, "Sawa. Kama ni yeye mwenyewe amesema." Waliondoka chai ikiwa bado inafuka.

Ni kweli. Lakini nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, na Mama alikuwa jikoni na maji yakichemka, akasikia mwanzo wa jibu. Mimi nilisikia lote.

Ilikuwa Jumamosi moja nilipokuja kutoka kwangu mtaa wa Fedha kumwona. Figo zilikuwa zimemmaliza, miguu imevimba, haiwezi kumbeba hata mpaka mlangoni. Mashine ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kwa shuka. Mama ndiye aliyeifunga Baba alipookoka. Hakuitupa wala kuichoma kama wengine wa kanisa lake walivyofanya, kwa sababu alisema sahani ni ya watu na cha wenyewe hakichomwi. Zamu ya Baba ilikuwa imekwisha zamani, lakini wazee hawakuja kuidai. Nikamwuliza, Baba, nikuwekee?

"Usiweke," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Nikiisikia ile ngoma nitataka kuinuka, Neki, na sina miguu. Wacha nisikilize hizi tenzi za mama yako. Hizi mtu anaweza kuzisikiliza akiwa amelala."

Akatabasamu. Nikamrekebishia mto. Hatukulizungumza tena.

Sasa naelewa kwamba maneno yale ni kitu kizito ambacho hakuna mwingine aliyenacho, na sikujua kama nilikuwa napokea kitu.

Mama alimwombea Baba miaka mingi. Namkumbuka nikiwa darasa la tano, amepiga magoti kando ya kochi, na Baba yuko uani na wenzake, spika imewekwa dirishani. Hakuwahi kumgombeza. Alimwombea tu, kila Jumamosi, ngoma zikiingia ndani na sala zikitoka nje. Mwaka jana, alipougua, mchungaji alikuja akamwombea, Baba akainua mkono. Mama alilia kama msichana. Lakini mtu anaweza kuinua mkono kwa sababu ni mgonjwa, kwa sababu anampenda mkewe, kwa sababu mchungaji amesafiri kwenye mvua. Mama anajua hilo. Si mjinga, mama yangu. Ndiyo maana anaishikilia ile siku ya kukataa sahani. Hakukuwa na mgeni mbele yake siku ile, hakuna aliyekuwa anamwangalia. Kwake ule ndio uthibitisho kwamba watakutana tena.

Tangu Baba afe, watu wa kanisa huja kila jioni kwa maombi, na kila jioni Mama anatoa ushuhuda ule. Kila jioni ananitafuta kwa macho, nami natikisa kichwa kukubali.

Nilihisi naweza kuendelea kutikisa kichwa mpaka Alhamisi. Lakini jana usiku, watu walipotoka, aliniambia niongeze mstari kwenye wasifu wa marehemu, ule utakaochapwa kwenye kijitabu cha mazishi. Mimi ndiye ninayeuandika kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, na mimi ndiye ningeusoma mbele ya watu. Mstari aliutunga yeye: Katika siku zake za mwisho alikataa muziki wa dunia akamchagua Bwana.

Nilisema nitaangalia.

Nimeusoma wasifu ule leo asubuhi tangu juu mpaka chini. Kuzaliwa. Shule. Kazi ya karakana ya reli. Ndoa. Mtoto. Kuokoka. Ugonjwa. Kamati ya mazishi iliupitia ikapunguza, ikasema uwe ukurasa mmoja. Nikawaza kuhusu kampuni ile ya muziki: mtu fulani ofisini, ambaye hakuwahi kukaa na wale vijana wakitafuta mdundo, alichukua kazi yao yote ya miaka akatoa kumi. Nyimbo nzuri, sikatai. Lakini Baba alikuwa akijiuliza maisha yake yote ni nini kilichoachwa nje. Alikuwa anasema, hizi ni zile walizopenda watu, mimi nataka nisikie zile walizopenda wao.

Na mimi nimefanyaje? Nimemtengenezea baba yangu mkusanyiko ambamo hamna hata wimbo wake mmoja.

Nilijaribu kuitafuta albamu kwenye simu. Ipo. Imesafishwa, haina mikwaruzo, na wameongeza nyimbo nyingine mwishoni. Nilifika kwenye ule wa kwanza wa upande wa pili, nikausikiliza mpaka katikati, pale unapotakiwa kuyumba.

Haukuyumba.

Nikauzima. Nilikaa kwenye kitanda cha Baba nikiwa na hofu ambayo sijaijua tangu utotoni.

Hesabu niliyokuwa nayo mbele yangu haikuwa na jibu zuri. Nikimwambia Mama maneno yote ya Baba, nitamnyang'anya mume wake mara ya pili, na mara hii mwizi atakuwa mimi. Nikinyamaza, wazee wawili watamzika rafiki yao wakiamini aliwakana. Nao hawana watu wengine wa kuwaeleza vinginevyo. Nilimwona Mzee Njoroge jana akitoka getini, ameshika ukuta kana kwamba ardhi ndiyo iliyojikunja.

Halafu kuna mchungaji. Jumapili alinivuta kando akaniambia kwa upole, maana ni mtu mpole, kwamba kanisa halitaongoza ibada mbele ya jeneza lililopigiwa muziki wa dunia. Nilimheshimu kwa kusema wazi. Nilimchukia pia, kwa muda mfupi.

Nimejiuliza kama kweli ni Baba ninayempigania, au ni mimi. Mimi huwa najificha nyuma ya watu. Nafundisha watoto shule ya Jumapili na sijui kama ninaamini jinsi Mama anavyoamini. Sijawahi kumwambia. Yeye hudhani kunyamaza kwangu ni unyenyekevu. Mara nyingi ni woga. Ninachokijua ni kwamba nikizisikia nyimbo za Mama nataka kutulia, na nikizisikia za Baba nataka kuinuka, na mimi miguu ninayo.

Hapo ndipo nilipoona. Maneno ya Baba yalikuwa yake. Alinipa mimi kwa sauti ya chini, na angeweza kuyasema kwa sauti ya juu yakafika jikoni. Hakutaka yafike. Alimwachia Mama kile alichokisikia. Basi nami sina ruhusa ya kumwondolea. Lakini kutaka kwangu ni kwangu. Huko hakumo mikononi mwa marehemu.

Adhuhuri nilivuka mpaka kwa Mzee Njoroge. Nilimkuta na Mzee Ochieng, wamekaa, redio imezimwa. Niliwaambia vile Baba alivyosema, neno kwa neno, pamoja na miguu na mto na lile tabasamu. Mzee Njoroge alifunika uso kwa viganja. Mzee Ochieng alicheka, cheko kubwa la machozi.

"Za kusikiliza umelala!" akasema. "Huyo ndiye Barasa. Huyo ndiye yeye kabisa."

Nikawaambia Mama hajui na asijue.

"Hii imekufa hapa," akasema, akagonga meza. "Sisi ni watu wa kuzika vitu, mtoto wangu."

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa anachambua mchele kwa ajili ya Alhamisi. Nikakaa mkabala naye nikachukua ungo wa pili. Nikamwambia nataka nyimbo za Baba zipigwe uani. Akasema, yeye alikataa. Nikasema, ndiyo, alikataa. Mimi ndiye ninayetaka. Nikasema kama ni dhambi iandikwe kwangu, si kwake, yeye aende akiwa safi. Nikasema pia kwamba ule mstari sitauandika, kwa sababu maneno ya mtu akiwa kitandani si ya kuchapwa.

Alichambua mchele muda mrefu. Nilidhani atanipiga, ingawa hajanipiga tangu nimalize shule ya msingi. Nilitamani anipige.

"Ni mbili tu?" akauliza.

"Mbili tu, Mama."

"Halafu hazitapigwa tena."

"Hazitapigwa tena."

Akaondoka na ungo wake. Hajanisemesha mpaka sasa ninapoandika, na namsikia chumbani akiimba tenzi kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Sijui kama ananijibu mimi au anamjibu Baba.

Mchungaji nilimpigia simu baada ya hapo, kabla woga haujarudi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema atasimama nje ya geti na watu wake mpaka mambo yetu yaishe, ndipo waingie. Alisema pia kwamba mimi sitasoma wasifu, na kwamba nisiingie kwa watoto Jumapili mpaka wazee wa kanisa wakae. Nilisema nimeelewa. Nilishangaa kwamba sauti yangu ilikuwa imetulia.

Kwa hiyo binamu yangu ndiye atakayesoma. Ana sauti nzuri. Nimempa nakala.

Turubai linachuruzika. Watu wa maombi wataanza kufika hivi punde, na kwa mara ya kwanza sijui Mama atashuhudia nini, wala mimi nitaangalia wapi.

Kijitabu nilikipeleka mimi mwenyewe kwa mchapaji, kwa miguu, simu ikiwa imezimwa nisije nikarudishwa njiani. Ule mstari haumo. Kwenye ratiba ya Alhamisi, juu kabisa, juu ya sala ya kufungua, nimeweka: Nyimbo mbili. Nilisubiri pale pale mashine ikilia mpaka nakala ya mwisho ikatoka, nikalipa, nikazibeba zote nyumbani kifuani ndani ya koti zisilowe.

Ziko hapa mezani. Bado zina joto.